Viza ishatoka, wakwe wanataka nikaha: niolewe kabla ya kwenda Kanada?

Asalaam alaykum wapendwa wa safu hii,

Mimi ni msichana wa Wete, Pemba. Mwezi ujao natimiza miaka 22. Baba yangu anaishi Toronto, Kanada, na nilipokuwa na miaka 19 aliniombea ukaazi wa kudumu kama mtoto wake tegemezi. Alhamdulillahi maombi yamekubaliwa. Pasi yangu imerudi kutoka Dar es Salaam ikiwa imebandikwa viza, pamoja na ile hati ya uthibitisho wanayoiita COPR. Tarehe ya mwisho ya kuingia imeandikwa na imebaki miezi minne na siku kidogo.

Tatizo langu ni kuwa nina mchumba. Posa ilijibiwa tangu mwaka jana na kishika uchumba kimeshapokelewa. Sasa wakwe wanasema siwezi kuondoka hivihivi, nikaha ifungwe Mfunguo Mosi, harusi yenyewe ije baadae. Shangazi yangu, ambaye ndiye aliyenilea, yuko upande wao. Anasema tuite watu wachache tu, ami awe wakili wa baba, na cheti tusikichukue, kwa hivyo Wazungu hawatakuwa na karatasi ya kuiona. Mwengine ananishauri nifungishwe kwa simu nikishafika. Na mwengine anasema niende wiki mbili tu nikapige muhuri, nirudi nifanye harusi, khalafu niondoke tena kwa utulivu.

Nina wasiwasi pia na umri, maana nasikia mwisho wa mtoto tegemezi ni kabla ya miaka 22. Na hiyo miadi ya mwisho ya kukamilisha ukaazi ni wapi hasa? Binamu yangu aliyekuwa kule masomoni alipewa ukaazi kwa barua pepe, hakuonana na mtu. Mimi Kiingereza changu ni cha skuli, na jina langu la mwisho si sawa na la baba, naogopa nitaulizwa nishindwe kujieleza. La mwisho, nina dhahabu kidogo za marehemu mama, na baba ameagiza dagaa, karafuu na embe. Nichukue?

Msichana wa Wete

Waalaykum salaam mwanangu,

Usiolewe kabla hujaingia. Nikaha yoyote, hata ya watu watano baada ya laasiri, ikifungwa kabla hujasaini ile hati mbele ya ofisa wa Kanada, inaondoa msingi wa viza uliyonayo mkononi. Kubaki mchumba hakuna neno. Ukiulizwa kama una mchumba, jibu ndiyo, wala usitetemeke.

Tuanze na umri kwa sababu ni jambo jepesi. Kwa sheria ya Kanada mtoto tegemezi ni yule ambaye hajafika miaka 22 na hana mume, mke wala mwenza. Hayo ni masharti mawili, na kila moja lina hesabu yake. Umri ulifungwa siku maombi ya baba yako yalipopokelewa yakiwa kamili. Ulikuwa na miaka 19, na katika faili hili unaendelea kuhesabiwa miaka 19 hata ukitua Toronto ukiwa na 22. Sharti la kutokuwa na mume halikufungwa siku ile. Linatazamwa ulipoomba, linatazamwa walipoamua, na linatazamwa tena siku unayoingia. Kifungu cha 51 cha kanuni zao za uhamiaji kinasema wazi kwamba mwenye viza ya ukaazi wa kudumu lazima amueleze ofisa, anapofika, ikiwa ameoa au ameolewa tangu viza ilipotolewa, na ikiwa jambo lolote muhimu lililosababisha apewe viza limebadilika. Hukuulizwa husemi? Hapana. Kusema ni juu yako wewe.

Sasa ushauri wa shangazi. Tunajua anasema kwa mapenzi na kwa kuogopa maneno ya watu, kwa hivyo mjibu kwa adabu, lakini mueleze kuwa cheti si ndoa. Nguzo za nikaha anazijua yeye kuliko sisi: bwana, bibi, walii, mashahidi wawili, na sigha, yaani maneno ya kufungia ndoa. Zikitimia, ndoa imesihi, na usajili ni ushahidi wake tu. Kanada nayo inaangalia ndoa iliyosihi kwa sheria ya mahali ilipofungwa, na huku kwetu nikaha ni ndoa. Ofisa hatakuuliza kama una cheti. Atakuuliza kama umeolewa, na hilo lina jibu moja tu la kweli.

Wengi hudhani siri kama hii inavuja kwa sababu ya fitina za majirani. Mara nyingine ni kweli, barua zisizo na jina hufika. Lakini kawaida anayeitoa ni mwenye siri mwenyewe. Mwaka mmoja au miwili baadae utataka kumuombea mumeo, na fomu itakutaka tarehe ya ndoa, picha za siku ile, majina ya waliohudhuria, cheti. Ukiandika tarehe ya kweli, umekiri kwa mkono wako kwamba uliingia ukiwa mke wa mtu. Ukifunga nikaha ya pili ya maonyesho ili upate tarehe mpya, umeongeza uongo juu ya uongo, na picha za nikaha ya kwanza ziko kwenye simu za shangazi wote wa Wete.

Adhabu zake ni mbili na zinakwenda pamoja. Ya kwanza ni ya kusema uongo au kuficha: mtu huzuiwa kuingia Kanada kwa miaka 5, na katika muda huo haruhusiwi hata kuomba ukaazi wa kudumu. Ikigundulika ukiwa tayari umeshakuwa mkaazi, unaweza kuvuliwa ukaazi na kuamriwa uondoke. Ya pili ndiyo inayoumiza zaidi, kwa sababu inamfuata mume. Jamaa wa karibu ambaye hakutajwa na hakuchunguzwa wakati wewe unapata ukaazi hutolewa katika daraja la familia. Maana yake huwezi tena kumuombea kama mume wako. Yaani nikaha ya haraka ambayo wakwe wanaitaka ili wasimpoteze mkwe, ndiyo itakayomfungia mtoto wao mlango.

Kuna na hila nyengine ambayo hukuitaja, lakini tunaitaja kwa kuwa huwa inazuka usiku wa manane watu wakishachoka kubishana: nikaha ifungwe, khalafu bwana atoe talaka kabla ya safari, mrejeane baadae. Kanuni za kule zina kifungu cha hilo pia. Ndoa iliyovunjwa kwa lengo kubwa la kumpatia mtu hadhi ya uhamiaji, kisha wawili haohao wakarudiana, haitambuliwi. Mkifanya hivyo mnaiharibu njia yenu wenyewe.

Na ikiwa, Mungu aepushe, nikaha imeshapita na barua yako ni ya kutupima kwanza, basi usipande ndege. Muandikie ofisi iliyotoa viza, au tumia fomu ya mawasiliano kwenye tovuti ya IRCC, yaani idara ya uhamiaji ya Kanada. Taja namba ya maombi iliyomo kwenye hati yako, useme umeolewa na tarehe. Viza hii utaikosa, hatukufichi. Lakini utakuwa hukusema uongo, na wewe na mumeo mtabaki na haki ya kutafuta njia nyengine mkiwa na majina safi. Aliyekosa viza anaweza kuomba tena kesho, na aliyeficha anasubiri miaka 5.

Nikaha kwa simu baada ya kufika nayo iache. Tangu Juni 2015 Kanada haikubali, kwa kumuombea mume au mke, ndoa ambayo bwana au bibi hakuwepo mwenyewe pale ilipofungwa, iwe kwa simu, kwa intaneti au kwa uwakili. Hapa inafaa tuseme polepole, kwa sababu kwetu uwakili uko wa aina mbili. Baba yako kumuwakilisha ami awe walii badala yake hakuna tatizo, maana wao hawamuulizi walii yuko wapi. Wanaulizia bwana na bibi. Na desturi yetu ni bwana kwenda msikitini na bibi harusi kubaki nyumbani na somo wake, akishaulizwa ridhaa yake mapema. Ofisa asiyejua mila zetu akisoma kuwa bibi hakuwepo msikitini anaweza kuiona ndoa hiyo kama ya mtu asiyehudhuria. Kwa hivyo itakapofika siku yenu, fungeni nikaha nyumbani au ukumbini, wewe ukiwa hapohapo, chumba cha pili na mlango wazi hakuna ubaya, utie saini kwa mkono wako mbele ya mashahidi, na mpigwe picha pamoja mara tu baada ya ijabu na kabuli. Cheti kichukuliwe mapema, kitafsiriwe Kiingereza na mfasiri anayetambulika, na nakala zihifadhiwe.

Huyo wa wiki mbili ana nusu ya ukweli, na nusu hiyo ndiyo hatari yake. Viza iliyobandikwa ni ya kuingia mara moja, ikishapigwa muhuri imekwisha kazi. Na hati ya uthibitisho, baada ya kuingia, si hati ya safari. Kinachokurudisha Kanada kwa ndege ni kadi ya mkaazi wa kudumu, na kadi haitolewi uwanjani. Hutumwa kwa posta kwenye anuani ya Kanada baada ya wiki kadhaa, na hawaitumi nje ya nchi. Ukiondoka kabla haijafika, shirika la ndege litakuzuia Zanzibar siku ya kurudi, na itabidi uombe hati maalumu ya safari ya mkaazi wa kudumu kutoka huku nje, ulipe dola 50 za Kanada na usubiri. Haikufutii ukaazi, lakini wakati huo baba yako anahangaika kule na wewe unahangaika huku.

Mpango unaofaa kwa hali yako ni kuingia kabla ya tarehe iliyoandikwa, ukae kwa baba mpaka kadi ifike, ndipo urudi Pemba ukiwa mkaazi kamili, mfunge nikaha na harusi kwa pamoja kwa nafasi, kisha urejee Kanada umuombee mumeo. Kumbuka kuwa mkaazi wa kudumu lazima awe anaishi Kanada wakati anamuombea mume, tafauti na raia, kwa hivyo fungate isiwe ya mwaka mzima. Huhitaji kuonesha kiwango maalumu cha kipato kwa ajili ya mume peke yake, mradi huishi kwa msaada wa serikali. Utasaini dhamana ya kumtunza miaka 3. Na kuna jambo litakalowapoza wakwe: aliyeingia kwa kuombewa na mumewe au mkewe hulazimika kungoja miaka 5 kabla ya kumuombea mwengine, lakini wewe umeingia kama mtoto, sharti hilo halikuhusu. Tokea sasa wekeni kumbukumbu za uchumba: picha za siku ya posa, mazungumzo ya simu, zawadi. Zitahitajika.

Tuje kwenye miadi yenyewe. Binamu yako alikuwa tayari ndani ya Kanada, na walio ndani hukamilishiwa kwa mtandao. Walio nje hukamilishiwa mlangoni. Hakuna tarehe utakayopangiwa wala ofisi ya kwenda Dar. Miadi yako ni siku unayotua, na mahali ni uwanja wa kwanza wa Kanada ambao ndege itagusa. Hili la uwanja wa kwanza huwasumbua watu. Ukikata tiketi inayopitia Montreal kwenda Toronto, shughuli yote inafanyika Montreal, na foleni ikiwa ndefu ndege ya pili inakuacha. Hakuna ndege ya moja kwa moja kutoka Zanzibar, lakini zipo safari za kupitia Addis Ababa, Doha au Istanbul zinazofika Toronto bila ya kushuka pengine Kanada. Chagua moja ya hizo. Usikate tiketi ya kupitia Marekani hata ikiwa rahisi, kwa sababu Mtanzania anahitaji viza ya Marekani hata kwa kubadilisha ndege tu.

Tarehe iliyo kwenye hati usiichezee. Kawaida inafuata uhai wa vipimo vya afya, ambavyo ni miezi 12 tangu ulipopimwa, au uhai wa pasi, kinachoisha mapema ndicho kinachoshika. Haiongezwi. Ikipita, maombi huanza upya, na ukianza upya huna tena miaka 19.

Kabla ya kukata tiketi, kaa kitako na hati na pasi, uzilinganishe herufi kwa herufi: majina, tarehe ya kuzaliwa, namba ya pasi, jinsia. Makosa yakionekana sasa yaandikie ofisi ya viza, kwa sababu ukishasaini kuyarekebisha ni kazi ndefu. Hati usiisaini nyumbani. Inasainiwa mbele ya ofisa. Na usiitie kwenye sanduku la kupakia, maana mfanyakazi wa shirika la ndege ataitaka uwanjani Zanzibar kabla ya kukupa kibali cha kupanda.

Ukishuka utakuta mashine za kujihudumia. Unaweka pasi, unapigwa picha, na alama za vidole ulizotoa Dar zinalinganishwa na za vidole ulivyokuja navyo. Kwa hivyo katika kukuaga wakikupaka hina na piko, mikono na miguu sawa, ila ncha za vidole ziachwe kama zilivyo. Ofisa wa mwanzo muambie unaingia kwa mara ya kwanza kama mkaazi wa kudumu na umuoneshe hati. Atakuelekeza chumba cha uhamiaji. Hapo utakaa, pengine nusu saa, pengine masaa matatu, inategemea ndege ngapi zimetua pamoja. Kuwa na maji, kitu cha kutafuna, na namba ya baba iandikwe kwenye karatasi kwa sababu laini ya Zanzibar huenda isishike.

Mahojiano yenyewe ni mafupi. Utaulizwa kama umewahi kutiwa hatiani kwa kosa la jinai, kama umewahi kukataliwa kuingia Kanada au kutakiwa uondoke, una fedha kiasi gani, unakwenda kuishi wapi na nani, kama hali yako ya ndoa imebadilika, na kama una mtoto au tegemezi ambaye hakutajwa. Jibu kile ulichoulizwa, kwa sentensi moja. Wanaoanza kueleza habari za ukoo mzima ndio wanaojitia kwenye maswali ya ziada. Kiingereza cha skuli kinatosha kwa maswali haya, lakini swali usilolielewa usilijibu kwa kutikisa kichwa. Omba lirejewe, au omba mkalimani wa Kiswahili, si aibu. Hijabu haina tatizo lolote. Ukiwa unavaa nikabu, ofisa atahitaji kuuona uso, na unaweza kuomba ofisa mwanamke.

Atakuonesha pa kusaini na pa kutia herufi za jina. Soma kabla ya kutia kalamu. Ukishasaini naye akapiga muhuri, wewe ni mkaazi wa kudumu tangu dakika hiyo. Anuani ya kupelekewa kadi toa ya baba, pamoja na namba ya nyumba na msimbo wa posta. Iandike kwenye karatasi kabisa, usitegemee kichwa baada ya safari ya siku nzima. Kadi ya kwanza haina malipo ya ziada, lakini anuani isipokuwa imepatikana ndani ya siku 180, utalipia na kuomba upya. Nakala ya hati utakayorudishiwa itunze kama cheti cha kuzaliwa. Itakufaa siku chache baadae kuchukua namba ya bima ya jamii, bila ambayo huwezi kuajiriwa, na hata miaka mingi mbele ukiomba uraia. Ikiwa kwenye bahasha yako kuna karatasi ya ufuatiliaji wa afya, ambayo hupewa walioonesha alama za zamani za kifua kikuu, soma muda uliopewa wa kuripoti na uuheshimu.

La majina ni la Wazanzibari wote. Jina lako la tatu ni la babu yako, na jina la tatu la baba ni la babu yake yeye, kwa hivyo kwa macho ya kule nyinyi ni watu wa koo mbili. Walishaliona hilo katika faili na wakakubali, wala ofisa huenda asiulize. Chukua cheti chako cha kuzaliwa kilichotolewa na Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii, pamoja na tafsiri ileile iliyotumika kwenye maombi, na nakala ya pasi ya baba. Akiuliza, mueleze kuwa kwetu mtoto hubeba jina lake, la baba na la babu. Unyooshee kidole jina la kati.

Dhahabu chukua, na uzivae chache, nyengine ziwe kwenye mkoba wa mkononi. Andika orodha mbili kabla ya safari: ya vitu unavyoingia navyo, na ya vitu vitakavyokufuata baadae. Kila orodha nakala mbili. Kwa vito, andika maelezo ya kila kipande, thamani yake, na upige picha: bangili mbili pana zenye nakshi, mkufu wa kidani, herini. Orodha hii humuoneshi ofisa wa uhamiaji bali wa forodha, baada ya kutoka chumba kile. Faida yake ni kuwa vitu vyako vya zamani vilivyoandikwa siku ya kwanza huingia bila ushuru hata vikiletwa mwaka unaofuata, ilhali kisichoandikwa kinaweza kutozwa. Fedha taslimu ukiwa nazo za dola 10,000 za Kanada au zaidi, lazima utamke. Si kosa kuwa nazo, kosa ni kunyamaza.

Chakula chote kitamke, hata pakiti moja ya halua. Karafuu na viungo vikavu kawaida hupita. Dagaa wakavu wafunge vizuri kwa sababu ya harufu, waandike, na umuoneshe ofisa akitaka. Embe mbichi ziache Pemba. Matunda mabichi, mbegu, miche na nyama ndivyo vinavyotafutwa na mbwa wa uwanjani, na asiyetamka anaweza kutozwa faini hadi dola 1,300. Baba ataelewa.

Kuhusu siku ya kuondoka, usiunganishe boti ya Mkoani na ndege ya siku hiyohiyo. Upepo wa kusi ukishika, boti hukatazwa kutoka, na tiketi ya ndege haikungoji. Vuka Unguja siku mbili kabla, ulale kwa jamaa, pasi na hati ziwe kwenye mkoba wako mwenyewe na si wa shangazi.